Dereva Asiyeomba Risiti

Mimi nakodisha magari. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani nilidanganywa kwa sababu ni mshamba. Pale Segese nina pikapu nne zinazokwenda kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, na kurudi, nazo nilizipata kwa kuanza na baiskeli. Shule yangu ni darasa la nne, basi. Lakini kabla sijakupa ufunguo nimekwisha kukusoma viatu, mikono na macho. Anayekwenda kazini namjua. Anayekwenda kwa mwanamke namjua. Dereva ndiye namjua zaidi, maana nilishika usukani miaka ishirini na mbili, nikibeba pamba ya Kishapu, kabla sijawa bosi wa madereva.

Na bado nilikaa siku tatu kwenye gari la kukodi huko Ufaransa, bega kwa bega na mtu, nisimjue ni nani.

Binti yangu wa mwisho anaishi Toulouse. Kabla ya hapo alikuwa ofisi moja Geita, akapata nafasi ya kwenda kusoma, akamaliza, akabaki huko kikazi. Mwaka wa sita alipoona harudi, mama yake akaanza kunisukuma: nenda kamwone mtoto, nauli anakulipia mwenyewe, unaogopa ndege? Siogopi kitu. Nikaenda.

Nilikuwa na jambo moja kifuani ambalo sikumwambia kwa simu. Rafiki yangu wa Ushetu, mkulima wa tumbaku, ana kijana wake bwana shamba, mtu mpole, hajaoa. Wazee wawili tulikuwa tumeshaongea. Nilitaka nimtazame binti machoni, nimwulize. Akikubali, nirudi na neno. Akikataa, nirudi na neno vilevile. Mimi si mzee wa kulazimisha watoto. Dada zake wawili waliolewa na wanaume waliowachagua wenyewe, mmoja wao nilimwona wazi kuwa ni mvivu, nikanyamaza. Ila kila mwanaume alikuja kwanza na mshenga wake, akaketi chini mbele yangu, akasema shida yake. Hicho tu ndicho nilichodai katika nyumba yangu. Nijue kabla.

Nilipofika nikamwambia binti nataka kuona mji, halafu nataka kuona mgodi. Nilikuwa nimesikia kwamba milimani juu ya mji wa Carcassonne watu walichimba dhahabu miaka mingi, kisha wakafunga. Mimi nimekula dhahabu, nimevaa dhahabu, nimezika ndugu waliofukiwa na dhahabu. Sikuwahi kuona mgodi uliokufa kabisa.

"Huko basi halifiki, baba," akasema. "Itabidi tukodi gari."

"Tukodi. Hiyo ndiyo lugha yangu."

Ofisi ilikuwa karibu na stesheni ya treni. Mama mmoja akatuletea gari dogo jeupe, safi kama yai. Binti akataka kutia sahihi. Nikamwambia ngoja. Nikalizunguka, nikapiga tairi teke moja moja, nikafungua boneti nikachomoa kijiti cha oili, nikalala chali sakafuni kutazama uvunguni.

"Baba, inuka, watu wanatazama."

"Watazame. Spea iko wapi?"

Wakaongea Kifaransa wao kwa wao. Jibu likaja kwamba gari halina spea, lina kichupa cha dawa ya kuziba tundu.

"Kichupa!" nikasema. "Nikimpa mtu gari la namna hii aende machimbo ya Nyarugusu, atanirudia na polisi."

Nyuma yangu mtu akacheka, akasema, "Shikamoo, mzee." Kiswahili kabisa.

Nikageuka. Mzungu wa makamo, kipara kinaanza, mikono mikavu ya mtu wa kazi. Binti akasema upesi, "Baba, huyu ndiye dereva niliyekutafutia. Aliwahi kufanya kazi ya kuchoronga miamba kwa mashine mgodini huko Geita, ndiyo maana anajua lugha. Nikaona utapata wa kuongea naye."

"Marahaba," nikasema. Nikampa mkono. Nikampenda hapohapo, naandika ukweli. Nikafungua mlango wa kulia nishike usukani japo mara moja, nikakuta hakuna usukani, kumbe wao uko kushoto. Akacheka tena, nami nikacheka. Basi nikakaa mbele, binti akakaa nyuma.

Siku ya kwanza tulizunguka mji. Toulouse yote ni matofali mekundu, kanisa tofali, daraja tofali, kama mtu alipata tanuri moja akakataa kuacha. Siku ya pili tukatoka nje ya mji, tukapita mashamba ya alizeti mpaka macho yanachoka. Nikawaambia, hizi ni alizeti za Kishapu, ila Kishapu ungemwona mtu shambani. Joto lilikuwa kali. Nikavua shati, nikabaki na fulana ya ndani yenye matundu. Tukanunua mkate mrefu, dereva akaumega, akala yeye upande huu na mimi upande ule. Nikamtania.

"Wewe bwana, umeoa?"

"Nimeoa, mzee."

"Mkeo anakupikia, au unakula mikate hii tu?"

"Anapika vizuri sana. Shida yake kuamka asubuhi."

"Mwanamke asiyeamka! Mrudishe kwao, baba yake amfundishe upya."

Nyuma huko binti akapaliwa na maji. Dereva akacheka hadi akapunguza mwendo. Na mimi nilicheka kuliko wote. Nilijipiga paja.

Jioni ile tulisimama kwenye duka moja la kijijini, binti akaingia kununua maji. Nikabaki na dereva. Watu wasiokuwa na magari hawajui jambo hili: dereva wa kukodi anaambiwa kila kitu. Nimewahi kuambiwa mambo ya ndoa, ya mirathi, ya dhambi, na watu nisiowajua hata majina, kwa sababu tu nilikuwa natazama barabara. Nami nikafanya vivyo hivyo. Nikamweleza habari ya kijana wa Ushetu. Nikamweleza nitakavyomwuliza binti, neno la kwanza, neno la pili. Nilikuwa najifunzia kwake.

"Unaonaje?" nikamwuliza. "Wewe ni mtu mzima."

Alishika usukani kwa mikono yote miwili na gari limezimwa. Akasema, "Ni vizuri, mzee. Ni vizuri kumwuliza."

Hivyo ndivyo alivyosema.

Ninyi mnaosoma mtasema nilikuwa kipofu. Sikuwa kipofu, niliona. Dereva yule alijaza mafuta mara mbili na hakuomba risiti. Hakuna dereva wa kukodi duniani asiyeomba risiti. Hakuuliza posho. Hakuuliza kesho tunaanza saa ngapi. Alirekebisha kioo cha ndani, na binti akikaa nyuma kioo kinamtazama binti badala ya barabara. Na nyumbani kwa binti, sebuleni, kulikuwa na misumari mitano ukutani haina picha. Niliyaona yote, nikayapatia majibu mwenyewe. Mzungu, nikasema, labda wao hawana risiti. Misumari ni ya mpangaji wa zamani. Mtu ukimwamini mtoto wako, akili inamfanyia kazi yeye, haikufanyii wewe.

Siku ya tatu tukapanda milimani. Barabara nyembamba, kona juu ya kona, nami nakiri jamaa alijua gari. Mgodi tuliufikia mchana. Nilitegemea mashimo, vyuma, hata uzio. Kilikuwepo kilima cha marudio, ule mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa, kikubwa kuliko chochote nilichokiona kwetu Msalala. Lakini wamekifunika udongo na kuotesha majani. Kimya. Ukipita haraka utasema ni malisho ya ng'ombe.

Nikasimama pale muda. Kisha vumbi likaniingia machoni, nikarudi garini kutafuta karatasi laini. Wale wawili walikuwa wamesogea mbele kwenye ukingo kutazama bonde.

Nikafungua droo ya dashibodi. Karatasi laini hazikuwemo. Ilikuwemo bahasha ya ile ofisi ya magari, na ndani yake mkataba.

Mimi huwa nasoma kila mkataba wa gari. Nasoma polepole, herufi kwa herufi, kidole chini ya mstari, lakini nasoma. Kifaransa sikijui, ila jina ni jina. Mstari wa kwanza lilikuwepo jina la binti yangu, nililompa mwenyewe, la bibi mzaa baba. Baada yake pangekuwa na jina la ukoo wangu. Halikuwepo. Kulikuwa na jina refu la kizungu. Mstari wa pili ni dereva: jina lake la kwanza, kisha jina refu lilelile. Nikayalinganisha herufi moja moja. Nikarudia. Herufi tisa huku, herufi tisa kule.

Nikainua macho. Kupitia kioo cha mbele nikamwona binti yangu akimtoa jamaa jani shingoni, bila kumtazama, kama mtu anavyojitoa jani yeye mwenyewe.

Kwetu wewe na mkwe hamketi bega kwa bega. Hamli mkate mmoja. Mkwe hakuoni na fulana yenye matundu, wala humtanii habari za kitandani kwa mkewe. Mkikutana njiani mmoja anaingia pembeni, si kwa chuki, kwa heshima. Na mimi kwa siku tatu nilikuwa nimemwaga heshima yangu yote kwenye mapaja ya mkwe wangu, na yeye anaijua maana yake, kwa sababu binti lazima alimwambia. Binti anaijua vizuri. Amezaliwa nayo.

Nikarudisha karatasi kwenye bahasha, nikafunga droo. Nikavaa koti langu, joto au si joto. Nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma, nikakaa.

Walirudi wakiongea. Jamaa akaingia, akaona kiti cha mbele kitupu, akauachia ufunguo bila kuwasha. Binti akasimama mlangoni.

"Baba, mbona umehamia nyuma?"

"Mbele si mahali pangu."

Mtu mwingine asingeelewa. Mtoto wa Kisukuma alielewa. Uso ulimbadilika kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Akaingia nyuma pamoja nami, si mbele, na hilo nalikumbuka. Akaanza kulia.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mwaka wa tatu huu. Baba, nilitaka umzoee kwanza. Umwone ni mtu. Ningekwambia kwenye simu ungekata."

"Kwa hiyo ukanitafutia dereva."

"Nilitaka umpende, baba. Na ulimpenda!"

"Nilimpenda dereva."

Jamaa akageuka kuniangalia, akaanza, "Mzee, nisamehe, mimi..." Nikamwambia atazame barabara. Kisha nikamwuliza binti swali ambalo afadhali nisingeuliza.

"Nani mwingine anajua?"

Akajifuta machozi kwa kiganja.

"Nimekuuliza."

"Dada wote," akasema. "Na mama."

Kutoka pale mpaka Toulouse sikuvua koti. Niliangalia alizeti. Mama ndiye aliyenisukuma niende. Mama ndiye aliyenifungia mzigo, akanikunjia ile fulana.

Kesho yake tukarudisha gari, siku moja kabla ya muda wake. Yule mama wa ofisini akalizunguka na karatasi yake, akapapasa milango, akainama kutazama ringi. Akasema kitu, akatabasamu. Binti akatafsiri kwa sauti ndogo, "Anasema gari limerudi kama lilivyotoka." Nikashukuru.

Nyumbani mke wangu alinipokea mlangoni na kibuyu cha maziwa, akanitazama mara moja tu, akajua. Hakukana.

"Ningekwambia, ungekwenda?" akasema.

"Ungeniambia, ningejua."

"Ungejua, ukakaa hapa na ujuzi wako, na mtoto angekosa baba miaka mingine sita. Nimechagua."

"Kwa niaba yangu."

"Eeh, kwa niaba yako. Wewe umewachagulia watu wangapi humu ndani?"

Nikapokea kibuyu, nikaketi kuvua viatu. Tunalala kitanda kimoja, tunakula meza moja, lakini simu yake ikilia natoka nje, maana sijui ni lipi lingine linalopita pale juu ya kichwa changu. Rafiki wa Ushetu nimemwambia ukweli wote. Alicheka kidogo, kisha akaona sicheki.

Sasa wanakuja Desemba. Binti amepiga mwenyewe, akasalimia, akauliza kama anaweza kukodi pikapu moja watembee Segese, Kishapu, waone makaburi ya wazee. Nikamwambia gari lipo. Nikamwambia nitalipeleka uwanja wa ndege Mwanza na dereva, dereva wa kweli, anayeomba risiti. Lina spea mbili.

Akauliza, "Na wewe baba, utakuja kutupokea?"

Nikamwambia mimi nitakuwa nyumbani, nimekaa kwenye kiti changu. Huyo mwanaume ashukie kwa jirani. Atafute mtu mzima wa kumsemea, hata kama Kiswahili anacho. Aje kwa miguu, aketi chini, aseme shida yake kama ndiyo mara ya kwanza tunaonana.

"Atakuja, baba," akasema.

"Tutaona. Na usimfundishe maneno."