Mabaki Yangu Kwenye Mtaro

Mwaka ule masika ilinikuta na nguo ya harusi mezani. Mimi ni fundi cherehani. Nashonea kwenye baraza la duka la mzee mmoja mwenye asili ya Kiarabu, si mbali na soko la Kariakoo. Zamani mvua ilikuwa inanyesha kidogo kidogo wiki nzima. Siku hizi inakaa mbali, halafu inamwaga yote kwa saa mbili. Mchana huo maji yalipanda barazani, yakapita chini ya cherehani, yakalowesha jora la satini nyeupe nililokuwa nimeliegemeza ukutani. Nilimpigia simu mama wa bibi harusi nikamweleza ukweli. Akasema, "Basi mwanangu, tutatafuta kitambaa kingine." Upole wake uliniumiza kuliko kama angenigombeza.

Jumamosi iliyofuata watu wa mtaa tulitoka kuzibua mtaro. Zilitoka chupa za plastiki, na nguo nyingi kuliko nilivyotegemea: suruali za jinzi, masweta mazito, mashati yasiyo na mikono.

"Hawa ni watu wa mitumba tu," mtu mmoja alisema.

Jirani yangu mmoja, mama anayeuza mitumba soko la Mchikichini, alikuwa palepale na koleo mkononi. Aliinamisha kichwa akaendelea kuchimba.

Ndipo koleo lake likapandisha fungu zito la vipande vya vitambaa. Matope yalipochuruzika nikaona kitenge cha kijani chenye ndege wa njano. Kitenge kile kilikuwa sare ya kwaya, na mtaa mzima aliyeishona ni mimi peke yangu. Kila jioni nilikuwa nafunga mabaki yangu kwenye kiroba na kumpa mwenye mkokoteni akatupe. Sikuwahi kumuuliza anatupa wapi.

Ningeweza kunyamaza. Nilimtazama yule mama alivyoinama, nikashindwa.

"Hivi ni vyangu," nikasema.

Watu wakanigeukia. Yule mama alinikazia macho, kisha akacheka kidogo, akaokota sweta jekundu kwenye rundo. "Na hili langu. Tumekutana."

Siku ya mkutano wa mtaa nilisimama. Nikasema Jumamosi moja ya kila mwezi nitapeleka cherehani kwenye uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenye nguo iliyochanika aje tuishone. Isiyoshoneka tutaikata iwe tambara la kudekia au iwe ya kujazia mito. Na sisi mafundi tulete mabaki yetu palepale, yasiingie tena mtaroni.

Mwenyekiti wa mtaa alitabasamu. "Fundi, watu wa Kariakoo wavae viraka? Hapa ndipo Tanzania nzima inapokuja kununua nguo."

Watu walicheka. Masikio yaliniwaka moto, lakini sikukaa. "Nitakuja hata kama niko peke yangu," nikamjibu.

Na kweli, Jumamosi ya kwanza nilikuwa peke yangu. Nilifunga turubai nikakaa chini yake hadi karibu adhuhuri. Wapita njia wawili waliniuliza, "Dada, kuna msiba hapa?" Nikawaambia hapana, tunashona nguo. Wakaenda zao.

Nilikuwa nafikiria kufunga vitu vyangu nilipomwona mzee mwenye duka anakuja taratibu, kanzu ameikunja mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wanangu wameniambia niitupe hii. Imeachia kwapani tu."

Nilimwambia ningemshonea hata kesho barazani, asingehitaji kutembea juani.

"Najua," akasema, akavuta kiti. "Nataka watu wanione nimekaa hapa."

Alikaa mbele kabisa, anasalimiana na kila anayepita, na kila aliyemuuliza alimwonyesha kwapa la kanzu yake. Nilipomaliza aliivaa juu ya shati lake akaondoka nayo. Baada yake walikuja wanawake wanne, mmoja na sare za shule za wanawe. Jioni alifika mama wa mitumba na kiroba cha masweta yaliyobaki kwenye belo, ambayo hakuna mtu wa Dar es Salaam angeyanunua.

"Haya si ya kutia kiraka," akasema. "Tuyafumue. Nyuzi zake nzuri, tutafuma vitambaa vya makochi na kofia za watoto wachanga."

Hilo sikuwa nimeliwaza. Mwezi uliofuata wanawake walikuja zaidi kwa ajili ya kufuma kuliko kwa ajili yangu. Mwezi wa tatu mafundi wawili walileta cherehani zao. Haikuwa rahisi siku zote. Kuna asubuhi tulikuta mtu amemwaga matambara machafu chini ya turubai akidhani pale ni jalala. Tuliyafua, tukayachambua, hatukugombana na mtu. Baadaye mke wa mwenyekiti alikuja na mapazia mawili yaliyochanika, na tangu hapo mwenyekiti akawa anatutangaza kwa kipaza sauti.

Masika iliyofuata maji yalikuja tena. Safari hii yaliishia chini ya baraza, hayakupanda. Watu walinipongeza, lakini nilipofuata mtaro hadi mtaa wa pili niliukuta umejaa matambara na chupa, na kwenye nyumba tatu watu walikuwa wanachota maji ndani kwa ndoo. Mtaro wetu ulipitisha maji, wao wakayapokea.

Mvua ilipokata nilikwenda kwa fundi mmoja wa mtaa ule, mtu wa makamo anayeshona suti. Nilimweleza tunachofanya. Alinisikiliza bila kusimamisha cherehani.

"Kwani dada, wewe ni manispaa?"

"Mimi ni fundi kama wewe. Turubai tunalo. Niambie tu nije lini."

Aliondoa mguu kwenye pedali, akatazama barabara iliyokuwa bado na matope.

"Jumamosi nina wateja," akasema. "Njoo Jumapili, baada ya ibada. Nitawaambia na wenzangu."

Jumapili tulikwenda watu sita, na mama wa mitumba ndiye aliyebeba turubai.