Kidole cha Mguu wa Kushoto

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa kule Iyula, nilimjua Mnyama wa Ufunuo kabla sijaijua mito ya wilaya yangu. Vichwa saba, pembe kumi, hesabu yake sita sita sita. Nilijua pia kwamba mdogo wangu Sekela alizaliwa na vidole sita kila mkono, wala mambo hayo mawili sikuwahi kuyaunganisha.

Hakuna aliyeyaunganisha. Msimu wa kahawa majirani walichumiana kwa zamu, leo kwetu, kesho kwao, na Sekela aligombewa. "Nyie mna kumi tu," alitutania, kikapu kimejaa. "Mtafika saa ngapi?"

Kisha akaja mhubiri mgeni, akitangaza mwisho wa dunia. Jumapili ile alimsimamisha Sekela mbele ya kanisa, akamwinua mikono.

"Kuume, sita. Kushoto, sita. Ya tatu iko wapi?"

Mimi, hodari wa hesabu darasani, nikanyoosha kidole.

"Mguu wa kushoto, Mtumishi."

Wakamvua kiatu. Sauti iliyopanda kanisani siku ile bado naisikia.

Zamu yetu ilipofika, hakuja mtu. "Mama, sisi hatuna ubaya," jirani alisema, amesimama mbali na kahawa yetu. "Ila huyo mtoto akiigusa yetu, tumelaaniwa." Kahawa ikaiva, ikaanza kukaukia mtini. Ilikuwa ada yetu ya shule, chumvi yetu, kila kitu chetu.

Siku ya tano Mama aliniita jikoni. Alikuwa na wembe.

"Mshike mguu. Kimoja tu, hesabu ivunjike."

"Dada, niachie," Sekela alisema.

Sikumwachia.

Kidonda kilioza miezi mitatu. Majirani walirudi kuchuma, wakala makande yetu, wakacheka. Mhubiri alishahama. Sekela anachechemea mpaka leo, na mwisho wa dunia haujafika. Nina hasira na mhubiri yule, nina hasira na kanisa zima, na ninapomaliza kuwalaani wote, inabaki mikono yangu. Mnyama hakutoka baharini. Tulimtengeneza wenyewe, na mimi ndiye niliyempa namba iliyopungua.

Mwezi uliopita Sekela alijifungua, huko mjini Mpemba anakoishi. Nilimkuta amemfunga mtoto kwa kitenge, mikono na miguu yote ndani, na jua lilikuwa kali.

"Nipe nimbebe, mdogo wangu."

"Utahesabu?"

"Sitahesabu."

Akanipa mtoto. Kitenge hakukilegeza.