Vizibo Kumi na Saba

Siku hizi nikipita Thika naona maduka ya mvinyo kila kona, na kila moja limebandika karatasi dirishani, ati ofa ya wiki hii ni chupa fulani. Vijana wanaingia na kutoka na mifuko yao, hakuna anayewauliza kitu. Mimi hutema mate na kwenda zangu. Marehemu mke wangu alifikiri ni mambo ya kanisa. Kanisa gani! Mimi niliandika kadi kama hizo kwa mkono wangu huu kabla baba zao hawajaota meno, na mtu aliyenipa maneno ya kuandika nilimuuza mchana kweupe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Nilikuwa karani katika duka la Mhindi mmoja karibu na stesheni, tukimwita tajiri, kama kila mtu alivyomwita aliyemwandika kazi. Aliwauzia mvinyo, sheri na wiski wazungu wa kahawa kutoka Ruiru na wale wa mkonge. Sasa sikia kichekesho. Tajiri mwenyewe hakuwa ameonja hata tone tangu azaliwe, kwa dini yake na kwa kiapo alichomwapia mama yake. Sisi Waafrika nasi sheria ilitukataza. Bia sawa, lakini mvinyo wa wazungu ukishikwa nao ni kesi. Kwa hiyo duka zima tulikuwa tunauza kitu ambacho hakuna aliyejua kinaonjwaje.

Isipokuwa mzee wa stoo. Na yeye hakuwa anaonja, alikuwa ananusa.

Kazi ya ujana wake ilikuwa kwenye kiwanda cha kahawa cha shamba moja la Ruiru, pale kahawa iliyomenywa inapolazwa kwenye matangi mpaka utelezi wake uchachuke na kuachia. Ukiiosha mapema umeharibu, ukichelewa umeharibu zaidi. Mzungu wa shamba alikuwa na saa yake ya mfukoni, lakini aliyengojewa kusema "osha" alikuwa huyu mzee, kwa pua yake. Miaka ishirini. Kifua kilipoharibika kwa baridi ya maji yale, wakamwachisha kazi, akaja kwetu kufagia stoo na kuosha glasi.

Kila Alhamisi tajiri alitoa chupa moja kutoka kwenye rafu, akaiweka dirishani juu ya kitambaa cha kijani na kuipunguza bei kidogo. Hiyo ndiyo chupa ya wiki. Jumamosi asubuhi chupa moja ya aina hiyo ilifunguliwa kwenye kaunta, wazungu wakaonjeshwa kwa glasi ndogo. Tajiri alitaka kando ya chupa kuwe na kadi ya Kiingereza inayosifu mvinyo, kama alivyoona Nairobi. Nimesoma misheni, naandika vizuri, lakini niandike nini? Wiki za kwanza niliandika kwamba ni mwekundu na kwamba ni mzuri. Wazungu wakacheka, na nilikisikia kicheko kile mpaka nikiwa nyumbani.

Ndipo mzee akaniita kando ya karai la kuoshea glasi, akaweka glasi tupu chini ya pua yake na kufumba macho. Akasema, mwanangu, hii inanuka ngozi ya mbuzi iliyoanikwa siku tatu, halafu nyuma yake kuna magome ya miwati, yale ya kulainishia ngozi, halafu mwisho kabisa kuna kahawa ya siku ya pili kwenye tangi. Nikamwona chizi. Lakini nikaandika. Mbuzi nikamgeuza tandiko la farasi, tangi la kahawa nikaliita bustani baada ya mvua, na Jumamosi ile chupa zikaisha kabla ya saa sita.

Tangu hapo ikawa desturi. Mzee ananusa, mimi naandika, tajiri anasifiwa. Mzee hakuomba chochote ila kizibo cha kila chupa ya wiki. Alikitia alama kwa msumari, mstari mmoja, miwili, msalaba, na kukitia katika mfuko wa koti lake kuukuu. Hakujua kusoma; vile vizibo ndivyo vilikuwa kitabu chake. Ukimtajia mvinyo wa wiki kabla ya Pasaka, anapapasa mfukoni, anatoa kizibo, ananusa, anakwambia habari zake zote. Nilivihesabu siku moja vikiwa kumi na saba. Nasema ukweli, nilimwonea wivu. Mimi na Kiingereza changu chote, na shati jeupe, nilikuwa naandika maneno ya mtu aliyetia kidole gumba badala ya sahihi kila mwisho wa mwezi.

Na mwisho wa mwezi ulikuwa jambo la kufa na kupona. Sisi Wakikuyu hatukukaa Thika bila pasi, na pasi haikuwa na maana bila sahihi ya tajiri. Ukikosa sahihi unapakiwa kwenye lori, unarudishwa rizavu, ardhi waliyotutengea Wakikuyu. Kwao mzee, kule juu, watu walikuwa wamekusanywa katika kijiji cha kuzungushiwa mtaro, na kila mtu mwenye miguu miwili aliuchimba tangu asubuhi hadi jioni. Alikuwa ameniambia wazi. "Mwanangu, kwa kifua hiki, mtaro ule sitaumaliza." Nilijua. Wengine husema hawakujua. Mimi nilijua.

Sasa wiki ile. Tajiri alikuwa amebaki na makreti ya mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini, wa bei ya chini, uliokataa kutoka. Jumapili akaniita peke yangu. Tukaloweka baadhi ya chupa katika maji ya moto, tukabandua karatasi zake, tukabandika nyingine za maandishi ya Kifaransa alizozipata sijui wapi, kwa gundi ya unga wa ngano. Nilizibandika mimi, kwa uangalifu, nikizilainisha kwa kitambaa zisifanye makunyanzi. Mzee hakuambiwa. Ile Alhamisi chupa ikapanda dirishani kama bibi arusi, bei maradufu ya ndugu zake waliobaki chini kwenye rafu, na kadi niliitunga mwenyewe kwa kuchanganya maneno ya kadi za zamani.

Siku ileile mzungu mmoja wa kahawa kutoka Ruiru, mteja wetu mkubwa, alichukua dazeni nzima. Jumamosi akarudi na rafiki zake wawili, akiwaeleza njia nzima kuhusu Mfaransa aliyemgundua Thika. Akamimina, akazungusha glasi, akasifu, wenzake wakasifu. Halafu akamwona mzee kwenye karai, glasi chini ya pua, macho yamefumbwa.

Akacheka mpaka akashika kaunta. Akamwita kwa Kiswahili chao kile cha shambani, wewe mzee, kuja hapa. Akachukua glasi mbili safi. Moja akaitia Mfaransa. Nyingine akainama mwenyewe kwenye rafu ya chini, akavuta chupa ya bei rahisi, akafungua, akamimina, akimgeuzia mzee mgongo. Nilitazama mkono wake ukienda kwenye rafu ile. Chupa zote alizoziona pale, akachukua hiyo. Akamwambia mzee aseme ipi ni ya mabwana na ipi ni ya mapishi.

Mzee angesema yoyote. Angebahatisha, wangecheka, angerudi kwenye karai lake. Nilimkazia macho. Lakini yule alikuwa mtu wa tangi la kahawa, na kwenye tangi hakuna adabu, kuna kuiva na kutoiva. Miaka ishirini wazungu walimngojea aseme kweli, na kila aliposema kweli kahawa ilipona. Akafikiri huyu naye anataka kweli. Akanusa moja, akanusa ya pili, akarudia ya kwanza. Midomo hakuitia hata mara moja, na sote tulikuwa tunatazama.

Akasema polepole, "Bwana, hizi ni za mama mmoja. Zimetenganishwa na karatasi tu."

Wale rafiki wawili wakapasuka kwa kicheko. Mzungu wetu naye akacheka, akachukua glasi zote mbili ili amwonyeshe alivyokosea. Akanywa hii. Akanywa ile. Akanywa hii tena, na shingo yake ikaanza kuwa nyekundu kutoka kwenye kola kwenda juu. Alijua. Lakini angesemaje mbele ya wenzake, yeye mwenye dazeni, yeye aliyewaleta kutoka Ruiru kwa ulimi wake? Tajiri naye alikuwa amesimama mkono juu ya daftari. Mkubwa na mkubwa wakatazamana juu ya kichwa cha mzee, na nakuambia sijaona wafanyabiashara wakipatana haraka namna ile bila kusema neno.

Mzungu akaweka glasi chini taratibu. Akamuuliza tajiri, mbona boi wako anajua mvinyo hivi? Amejifunzia wapi?

Tajiri akanigeukia mimi. "Karani. Huyu mzee anakunywa mali yangu?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema sijui, na sijui haijawahi kumfunga mtu. Mzee alinitazama bila wasiwasi wowote, jamani, hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Alinitazama kama mtu anayemngojea shahidi wake. Nikafikiria pasi yangu, na sahihi ileile ya tajiri. Nikafikiria mikono yangu na gundi ya ngano. Lakini siwezi kujificha huko. Nilifikiria pia kile kicheko cha kadi zangu za kwanza, na nikasikia raha ndogo, baridi, kwamba leo nitajibu mimi na si pua yake.

"Ndiyo," nikasema. "Anakunywa."

Na kana kwamba hiyo haikutosha, hakuna aliyeniuliza la pili, nililitoa bure. Nikasema, "Tazameni mfuko wa koti lake."

Wakavimwaga vizibo vyote juu ya kaunta. Vikabingirika kila upande na alama zake za msumari, kimoja kikaanguka karibu na kiatu changu. Mzungu akasema basi, ushahidi ndio huo, mwizi ameweka hesabu ya alichokunywa. Rafiki zake wakakubali kwamba hawajaona ujinga wa namna ile. Mzee akaanza kueleza, hiki ni cha Pasaka bwana, hiki ni cha wakati wa mvua, kinuse mwenyewe. Akamnyooshea mzungu kizibo. Yule akampiga mkono kikaruka.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ndiye mimi.

Askari hawakuwa mbali. Tajiri hakuitia sahihi pasi ya mzee, na Jumatatu akawa tayari kwenye lori la rizavu, pale stesheni, pamoja na wengine. Mimi nilikuwa nimetumwa kupokea makreti kutoka kwenye treni. Nilipita upande wa pili nikiinamisha kofia, akaniona, akaniita vilevile kama siku zote, mwanangu. Nikasogea kwa sababu askari alikuwa anatazama na ingeonekana vibaya kukimbia. Nilitegemea laana. Kwetu laana ya mzee wa rika la baba yako si jambo la mchezo, na nilishajipanga kuipokea.

Akasema, huku akikohoa, "Ile ya wiki hii, sheri ya karatasi ya njano, kreti lote limeoza. Nilinusa vizibo vyake Ijumaa. Inanuka gunia lililolowa. Usiiandikie kadi, utaaibika."

Nikarudi kwenye makreti yangu. Lori likaondoka.

Alhamisi tajiri akatoa sheri ya karatasi ya njano. Nikafungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Ningesema nimejuaje? Nikakaa nikaandika kadi ndefu kuliko zote, mkono wangu mzuri kabisa, nikasifu karanga na asali na jua la jioni. Jumamosi ikafunguliwa. Kwa kuwa hakukuwa na mtu wa karai, nikaosha glasi mimi, na kwa mara ya kwanza nikaweka moja chini ya pua. Gunia lililolowa. Hata mimi, na pua yangu ya bure, nililisikia.

Yule mzungu wa Ruiru alikuja. Akasoma kadi, akazungusha glasi, akanywa, akaitazama kadi tena. Akasema ndiyo, karanga, hasa mwishoni. Wenzake nao wakasema karanga. Akachukua dazeni na kunipa shilingi kwa ajili ya mwandiko wangu, nikasema asante sana bwana.

Habari za mzee zilinifikia kabla ya mvua za vuli, kupitia kwa shangazi wa mke wangu aliyekuwa kijiji kilekile. Hakufika robo ya mtaro. Walimzika kwenye udongo alioutoa yeye mwenyewe siku ileile aliyokufa. Ilikuwa Alhamisi nilipoambiwa, kadi ilikuwa mbele yangu, na tajiri alikuwa anangoja. Niliimaliza, nikaipeleka dirishani.