Hodi Kwenye Kona

Dereva wetu wa foklifti hapiti kona ya ghala bila kupiga hodi. Zamani alipiga honi, mpaka msimamizi akaukata waya wake kwa mkono wake mwenyewe, eti kelele zinamkera akiongea na simu. Kelele! Mifuko arobaini ya saruji ikimwangukia ndipo atajua kelele ni nini. Dereva hakubishana. Kila kona hushusha mzigo hadi karibu na sakafu, hukanyaga breki, hufuta kiganja kwenye suruali, kisha huita kama mgeni mwenye adabu zake: "Hodi!" Sisi wapakiaji tulio upande wa pili huitikia "Karibu!", ndipo asogee.

Jana aliita mara tatu, kimya. Akavuta breki ya mkono. Mara msimamizi akaibuka pale pale konani, simu sikioni, amefura. "Mbona umesimama? Pita!"

"Nimebisha hodi mara tatu, bosi. Kumbe mwenyeji yumo."

"Haya, karibu," akanong'ona, macho kwenye ile mifuko.

"Kwa sauti, bosi. Injini inawaka."

"Karibu!" akapiga kelele, yeye asiyependa kelele.