Kiuyu Aliyokwenda Dada

Pemba kuna Kiuyu mbili, ya Minungwini na ya Mbuyuni, na si karibu. Mama yetu alikaa Minungwini. Siku zile za siasa mume wa dada yangu, mtu wa Vitongoji, aligombana na mama kwa mambo ya vyama, akamwapia dada mbele yetu: "Ukitia mguu Kiuyu, umeachika." Sote tulijua amekusudia kwa mama. Dada akatii, hata Sikukuu hakwenda.

Kisha akafa shangazi yetu wa Mbuyuni. Dada akaenda matangani, na aliporudi mumewe akamwambia, "Ushaachika, bibi."

Tukaenda kwa shehe. Akasema neno kama lile hufuata nia ya msemaji, akamgeukia shemeji. "Muogope Mungu, bwana. Ulikusudia Kiuyu gani?"

Shemeji alikuwa na tambuu mdomoni. Akatema kwanza. "Ile aliyokwenda."

"Si wewe uliyenipa nauli?" dada akalia.

"Nilikupa ya kwendea."

Mtu mmoja akacheka. Shehe akainamisha kichwa, akasema talaka imepita.

Sitaki kumsingizia mtu. Hakuwahi kumpiga wala kumnyima chakula, na nia aijuaye ni Mungu. Pengine sisi ndio tuliomfahamu vibaya siku ile. Hata mzigo wa dada wa kurudi kwetu aliufunga shemeji mwenyewe, tena taratibu, vyombo akivizungushia kanga kimoja kimoja visije vikavunjika njiani.