Karabini Iliyovaa Tai

Nawaambia ninyi kwa sababu nyumbani bado naona haya.

Mjomba wangu, Tonton Bosco, hukusanya silaha za zamani za jeshi. Miguu inamuuma, basi alinituma niandikishe karabini yake, ile bunduki fupi inayoweza kupiga risasi moja-moja au mfululizo. Karani wa ofisi ya silaha aliniambia, "Kesho iko siku ya mwisho. Leta karabini na picha mbili za pasipoti, ao tutainyang'anya."

Niliogopa kuuliza picha za nani. Kinachoandikishwa ni karabini, nikajiambia. Nikaifunga ndani ya mkeka, nikaenda kwa pikipiki hadi studio moja ya picha mtaani Mangobo. Mpiga picha aliisimamisha kwenye kiti mbele ya kitambaa cheupe, akaivalisha tai.

"Iko muzuri kukupita," aliniambia.

Kesho yake karani alizitazama picha, akaita foleni yote ije kuona.

"Bon, mwenye silaha ndiye huyu wa kwenye picha. Donc, basi, silaha iko wewe?"

Akachukua futi, akanipima kutoka kisigino hadi utosini, akaandika kwenye fomu, mahali pa urefu wa silaha.

"Alors, petit, unapiga moja-moja ao mfululizo?"

Foleni yote ilinisubiri.

"Moja-moja, papa," nikajibu.