Shokapu Zilizopakwa Rangi

Wateja humwita Bonyeza, maana hashiki spana kabla ya kubonyeza kona ya gari kwa viganja viwili na kuachia. Gari lenye shokapu nzima hupanda mara moja, likatulia. La nesi wa mtaa wetu lilidundadunda kama mpira.

"Nimelinunua hivi hivi, fundi," nesi alisema. "Likiingia kwenye shimo, mama analia. Na kila Jumatatu lazima nimpeleke kliniki." Mama yake alikuwa amevunjika nyonga.

Bonyeza akaingia chini. Mwenye gari wa kwanza alikuwa amelishusha kwa springi fupi, ngumu, ili apendeze barabarani, akaacha shokapu zilezile ndefu. Zilikuwa zimebanwa hadi karibu na mwisho, hazina pa kwenda.

"Huyu bwana kavaa suruali ya mtoto na mkanda wa babu," alisema akitoka. "Springi hizi zinataka shokapu fupi, zenye nguvu ya kuzituliza."

"Chagua wewe. Mimi najua sindano tu."

Mdogo wake Bonyeza, wa tumbo moja, ana duka la vipuri mlango wa pili. Aliombwa shokapu fupi, ngumu. Akaleta nne, nyeusi, zinang'aa. Nesi alikuwa ameshaondoka. Mimi nilikuwa nimekaa pale nikisubiri gari langu. Bonyeza akasimamisha moja mezani, akasukuma fimbo yake. Ikazama bila ubishi na kubaki humo. Akaipima: ndefu vilevile. Akakwaruza rangi kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na kutu na mafuta yanayovuja, yananuka.

"Umezitoa kwenye gari bovu, ukazipaka rangi."

"Kaka, si zinaingia? Matundu ya bolti ni yaleyale. Nani atajua?"

"Mama mwenye nyonga atajua."

"Haya, mtakatifu wa gereji. Nirudishie basi, nitapata wa kuzichukua."

Bonyeza alichukua drili, akazitoboa moja baada ya nyingine, zote nne. Mafuta meusi yakachuruzika mezani, yakadondokea viatu vya mdogo wake.

"Sasa chukua."

Yule mtu mzima, baba wa watoto, alitoka akilalamikia viatu vyake. Viatu!

Shokapu za kweli, alizoziagiza Bonyeza kwingine, zilifika baada ya siku kumi na mbili. Jumatatu mbili nesi alimpeleka mama yake kwa teksi. Bonyeza alipozifunga, akabonyeza kona: gari likapanda mara moja, likatulia.

Mlango wa pili zimeshatundikwa nyingine nyeusi, zinang'aa. Bonyeza hupita pale bila salamu, na mimi, niliyezoea kuwahimiza watu wapatane na ndugu zao, simhimizi.